Bata Mzinga wa Chini kwa Nepia

Jumatatu, 6 Oktoba

Wote tisa wamesimama. Nimeenda kuwatazama kabla hata ya kunawa uso, na blanketi mabegani kama mgonjwa. Wamekula, wamekunywa, kinyesi kiko sawa. Nikarudi. Nikaenda tena.

Mwaka jana wakati kama huu walikuwa wananifia mmoja mmoja na mimi nashangaa tu. Nikaambiwa ni baridi. Nikaambiwa ni jicho la mtu. Ni Muchangi, daktari wa mifugo pale Nkubu, aliyenieleza baadaye, wakati sikuwa na bata hata mmoja wa kutibu. Alisema ni kuku. Kuku anatembea na ule ugonjwa tumboni, ndani ya minyoo yake, na yeye mwenyewe hata hakohoi. Bata mzinga akidonoa pale kuku alipoacha kinyesi, kwisha. Wanauita kichwa cheusi, na hicho kichwa chenyewe wala hakiwi cheusi!

Kwa hivyo mwaka huu nimewaleta huku chini, palipokuwa na nepia, majani ya ng'ombe, kuku hawajawahi kufika. Mume wangu Mutembei aliniwekea waya aliporudi kutoka Embu, kazini kwake. Alipomaliza akafuta mikono akasema hii ni mara ya mwisho, Karwi. Wakifa tena nepia inarudi. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, ningemjibu.

Kila kitu katika boma hili nilikikuta. Nyumba, kahawa, migomba, hata cherehani ninayoshonea ilikuwa ya dadake mama mkwe. Hawa bata ni wangu. Lazima waishi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemwomba Mama tena kuhusu kuku wake. Mama mkwe, namaanisha; mamangu mzazi hakuwahi kunipa shida ya kuku. Wa huyu wanafunguliwa alfajiri na wanaenda wanakotaka, jikoni, kwa kahawa, mpaka kwa jirani. Nikamwambia, Mama, tuwafungie tu mpaka bata wakomae. Ni miezi michache.

Alikuwa anapukuchua maharagwe. Hakukasirika. Aliuliza tu kama nikimaliza kuwafungia kuku nitamfungia na yeye.

Nilirudi kwa cherehani nikashona mfuko wa shati la shule upande wa kulia, nikalazimika kufumua. Mwenye shati anakuja kulichukua kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kuku aliingia! Yule wa madoadoa. Lango halikuwa limefungwa vizuri — ni mimi mwenyewe niliyeliacha, nilikuwa nimebeba maji mikono miwili. Nilimkuta katikati ya bata wangu anachakura kana kwamba ni kwake. Nikamfukuza, nikateleza, nikaangukia goti. Alipotoka nikazoa udongo wote wa pale alipokanyaga, nikaumwaga mbali, nikamwaga chokaa.

Halafu nikakaa juu ya debe nikalia. Sijui kwa nini nililia hivyo, kuku alikaa mle dakika chache tu. Nililia kama mtu aliyefiwa. Nilipoinua kichwa nikamwona Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni, juu, na ungo mkononi. Akaingia ndani.

Leo sijashona kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama aliamka kabla yangu. Aliwashika kuku wangali wamelala, mmoja baada ya mwingine, akawafunga miguu kwa nyuzi za mgomba, akawapanga kwenye kikapu na katoni mbili. Wote. Hata jogoo. Hata yule mzee anayelala jikoni, ambaye Mutembei haruhusiwi hata kumfanyia mzaha wa supu. Saa mbili pikipiki ikaja ikawachukua. Wanaenda Kibirichia, kwa Marcella, binti yake.

Nikamwambia, Mama, mimi niliomba tuwafungie tu. Akasema kuku wa kufungiwa ni kama mgonjwa, hawezi kumwangalia kila siku. Halafu akasema, kwa Kimeru, polepole, akiniita mwari, yaani binti: sijawahi kukuona ukilia hivyo tangu uletwe hapa. Hata ulipofiwa na baba yako hukulia hivyo mbele yangu. Sitaki kuona tena.

Kuku amefuga tangu Mutembei hajaota meno. Nilitaka kumshika mkono, lakini alikuwa tayari amechukua ufagio anafagia mahali pikipiki ilisimama.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumechelewa misa. Hakuna aliyewika.

Nina furaha na nina aibu, na haviachani. Mama amepita mara nyingi mbele ya kile kibanda cha kuku, mlango uko wazi. Anatupa maganda ya ndizi nje kama kawaida halafu anakumbuka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama hana la kufanya asubuhi. Mikono yake imezoea kuwamwagia kuku chakula, sasa inakunja leso, inakunjua leso. Leo akaja chini kwa bata. Mara ya kwanza!

Nilikuwa nimemwekea gamubuti zake, viatu vya mpira, karibu na zangu, za kuvaliwa mle ndani tu, na lile beseni la maji ya dawa la kukanyagia. Nilidhani atacheka. Akakanyaga mara mbili, akakanyaga tena. Anafuata sheria kuliko mimi. Jirani yetu Kaburu alipoleta maziwa, akataka kuingia awaone bata, Mama akamzuia langoni. Mzee wa watu, mjane, mpole kama nini, ameleta maziwa hapa miaka yote. Akaambiwa atoe salamu kutoka pale pale aliposimama, viatu vyake vinatoka kwa kuku. Kaburu akaangalia viatu vyake. Akasema, haya, Mama Mutembei, salamu basi.

Nilicheka mpaka machozi. Usiku nikaenda na tochi kuwaona bata. Wazima.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Mutembei yuko nyumbani. Mvua imeanza vizuri, udongo umelainika, kila kitu kinanukia.

Kitu kimoja kimenikera na najua ni upuuzi. Bata wanamkimbilia Mama. Mimi nikiingia na chakula wanageuza shingo tu, wanakuja wakitaka. Mama akitokea hata kule juu kwenye migomba, wanakimbia wote mpaka kwenye waya, wanapiga kelele. Nikamuuliza anawapa nini. Akasema wananijua, mwari. Ndege anajua mtu.

Mutembei akanitania kwamba nimenyang'anywa. Nikamwambia anyamaze ale. Lakini jioni alisimama pale kwenye waya muda mrefu, akasema kweli safari hii wameshika mwili. Alisema "tutaongeza waya upande wa mto mwaka ujao." Mwaka ujao! Alisema mwenyewe.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya misa nilimsikia Mama akiwaambia akina mama wa jumuiya, bata wetu wamekuwa wakubwa, mkuje muwaone, lakini kwa waya. Wetu.

Nimekaa boma hili karibu miaka kumi. Sijui kama nilishawahi kusikia hilo neno likinihusu mimi na yeye peke yetu. Nilijifanya natafuta mwavuli.

Jumatano, 5 Novemba

Mmoja amesimama kando.

Labda ni mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Si mvua. Mabawa yameshuka, macho nusu. Na kinyesi cha manjano, manjano ya bizari. Hiyo rangi naijua, nimeiota mwaka mzima.

Nimemtenga kwenye kizimba cha sungura cha zamani. Nimeosha vyombo vyote. Nimebadilisha maji ya dawa. Nikashika waya kwa mkono, nguzo kwa nguzo, nikizunguka, mvua inaninyeshea, natafuta imepitia wapi. Kuku hawapo! Gamubuti hazitoki! Chakula ni cha gunia, nalifungua mwenyewe. Imepitia wapi?

Upande wa Kaburu, chini ya waya, nimekuta unyoya. Wa kahawia. Wa kuku.

Nimeuweka kwenye bahasha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeenda kwa Kaburu asubuhi na bahasha yangu kama polisi. Alikuwa anakamua. Nikamwonyesha. Nikamwambia kuku zako zinapita zinaniletea ugonjwa, na tulishakuomba uziangalie. Hatukuwa tumemwomba, hilo najua. Nilisema tu.

Akautazama ule unyoya. Akasema, "Mama Kendi, hizi kuku zangu mimi sioni zikivuka. Lakini kuku ni kuku, siwezi kuapa kwa niaba yake." Ananiita hivyo siku zote, kwa jina la binti yangu aliye bweni. Alisema kwa upole.

Maneno alikuwa nayo Mama. Sikujua kama alinifuata. Alisimama nyuma yangu na mwavuli, akamwambia Kaburu mambo ambayo sitayaandika, mengine ya tangu marehemu mzee akiwa hai, mpaka wa shamba na kila kitu. Akasema yeye alitoa kuku wake wote, wote, kwa ajili ya hawa bata, na mtu mwingine anashindwa kufunga wake watano. Akasema msichana huyu akilia tena utanijibu mimi.

Msichana huyu. Mimi, na mvi zangu hizi.

Lazima niseme ukweli hapa kwani hakuna anayesoma. Ilikuwa tamu. Bata anakufa kwenye kizimba, na mimi narudi nyumbani nyuma ya Mama nikijisikia kama mtu aliyepata kwao.

Jumamosi, 8 Novemba

Amekufa. Wa pili amesimama kando.

Mutembei hakuja. Alipiga simu. "Karwi, usijichoshe sana. Ukiona ni kama last year, tuwachinje wale wazima mapema, at least tusipoteze wote." Nikamwambia hawachinjwi. Halafu akauliza mvua ikoje.

Jumatatu, 10 Novemba

Wa pili pia. Nimempeleka kwa Muchangi kwenye mfuko, akampasua nyuma ya duka. Ini limejaa madoa ya mviringo, kama mtu aliligonga kwa kifuniko cha kalamu. Muchangi akasema, "Madam, hiyo ni kichwa cheusi, hakuna kubahatisha." Dawa ya kuaminika hana. Ya minyoo anayo, nikachukua.

Halafu maswali. Kuku wako wapi? Wameenda. Walilala wapi? Juu, karibu na jikoni. Kuna kitu chochote kinachotoka huko juu kinakuja kwa bata? Samadi? Majani? Nikasema hakuna. Akasema kuku wakiondoka, udongo wao unabaki nao, miaka. Mayai ya ile minyoo yanakaa humo. Nyungunyungu wanakula huo udongo, bata anakula nyungunyungu, anaupata mara moja kama amepewa kwa kijiko. Huyu hakudonoa kidogo, alisema. Huyu alilishwa.

Nikamwambia kuhusu unyoya wa Kaburu. Akauliza waya una matundu ya ukubwa gani, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema kuku hapiti hapo, unyoya unapeperuka tu na upepo. Tukabishana. Nilimwambia yeye hajui kuku wa Kaburu walivyo wembamba. Wateja wakaanza kutusikiliza nikaondoka.

Waliobaki saba bado wanakula.

Jumatano, 12 Novemba

Wa tatu amekufa.

Siwezi kukaa. Nikikaa kwa cherehani miguu inakanyaga hata kitambaa hakijawekwa. Nimechimba kando ya waya nikitafuta nyungunyungu kwenye udongo wetu wa nepia. Wapo wachache, wembamba, wekundu. Hawa wametoka wapi? Hawa hawajaona kuku maisha yao.

Kaburu amewafungia kuku wake. Nimesikia akipigilia misumari. Haleti maziwa mlangoni tena, anayatundika kwenye nguzo ya ua na kuondoka. Mama anasema nimwache aone haya. Anawahudumia wagonjwa kuliko mimi, Mama. Anaosha gamubuti mpaka soli.

Ijumaa, 14 Novemba

Niandike haraka.

Mchana huu nilipanda juu kuchukua kamba nyuma ya jikoni. Kibanda cha kuku kilikuwa na mtu. Mama. Amepiga magoti ndani, mahali penyewe kuku walipokuwa wakilala, na jembe dogo la kupalilia. Udongo wa pale ni mweusi, mnene, umerutubishwa miaka yote na kuku wake. Alikuwa anageuza, anaokota, anatia kwenye mkebe. Nyungunyungu wanene kama kidole changu.

Hakushtuka. Alinionyesha mkebe kwa furaha. Akasema kuku wamemwachia angalau hii. Anawachukulia bata tangu wiki ile baada ya kuku kwenda Kibirichia, kila asubuhi kabla sijaamka na tena mchana nikiwa kwa cherehani, kwani chakula cha gunia hakina damu. Wagonjwa anawapa zaidi, wapate nguvu. Yule wa tatu alikula wake wote juzi asubuhi kutoka mkononi mwake, akasema, halafu akainamisha kichwa.

Alikuwa anasubiri niseme kitu. Uso wake umekuwa mdogo tangu bata waanze kufa, sikuwa nimeona.

Nilisema, Mama, leo wameshiba. Nikachukua mkebe mkononi mwake. Nilisema nitawapa baadaye. Nikaenda nikaumwaga chooni, nikasimama mle chooni mpaka nikaishiwa pumzi.

Nimwambie nini? Alitoa kuku wake kwa ajili yangu. Nikimwambia ni mikono yake iliyowaua, hatainuka, namjua, hatagombana, atakaa tu pale kwenye kiti akikunja leso mpaka afe. Nisipomwambia, kesho alfajiri atakuwa amepiga magoti mle ndani na mkebe mwingine. Wamebaki sita. Nikasema nitafute maneno hadi jioni.

Jioni ikaja na Kaburu.

Alikuja amevaa koti lake la kanisani na sufuria imefunikwa kwa kitambaa. Mama ndiye aliyemkaribisha, kwa baridi. Akaweka sufuria mezani akasema amefikiria sana. Yeye hakuona kuku wake wakivuka. Lakini Mama Kendi ameona unyoya, na bata wanakufa, na mtu hawezi kukaa na jirani wa miaka hivyo. Kwa hivyo amewachinja. Wote watano. Wanne amewagawa kwa majirani, huyu wa tano amempika mwenyewe, tumle pamoja, neno liishe hapo. Akasema anaomba msamaha.

Mama akamshika mkono. Akasema umefanya vizuri, Kaburu. Tumekusamehe. Akasema sisi sote tumetoa kuku zetu kwa hawa bata, basi. Akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu wa kwanza asimame kando.

Nilisema naja, nafuata sahani. Nikaingia huku chumbani nikafunga mlango, nikachukua daftari hili.

Nawasikia. Wamesali. Wanakula. Kaburu anasema labda watakaobaki watapona. Mama anamwambia asijali, yeye anawaangalia vizuri, kuna kitu anawapa, hata kesho asubuhi atamwonyesha.

Ameniita mara ya pili. Ananiita nyama inapoa.

Sasa ni Kaburu. Anasema firigisi isiguswe, huwa ni ya mwenye nyumba, lakini yeye yuko Embu, leo ni ya Mama Kendi, kwa sababu bata ni wake na yeye ndiye aliyekosewa. Mama anasema ndiyo, ameshaniwekea kwenye sahani. Nasikia kiti kikisogezwa, Mama anakuja kubisha